JOTO HUTOKA WAPI? MASAHIHISHO YA SOMO LA MWAKA 1977



Kamati ya Jarida iliniomba niandike historia ya ufundishaji wa kemia shuleni kwetu. Nilikubali, kisha nikakaa na ahadi hiyo miezi miwili bila kuandika neno. Habari za maabara ninazijua vizuri: madirisha yasiyofungika, mizani moja kwa darasa zima, bomba lililotoa maji siku lilipotaka. Hayo wenzangu wameyaandika katika matoleo yaliyopita, na wameyaandika vyema kuniliko. Mimi nitaandika habari za somo moja tu, lile la mabadiliko ya nishati katika mimenyuko ya kikemia, maana katika somo hilo niliwafundisha kosa. Nililifundisha tangu nilipoanza kazi mwaka 1973 hadi mwaka 1981, tena kwa sauti kubwa na kwa chaki ya rangi.

Mliokuwapo mtalikumbuka dafu. Kila mwaka, tulipofika mada hiyo, niliingia darasani na dafu mkono mmoja na panga mkono wa pili. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza, kama sheria ilivyotaka, kwamba mmenyuko fulani unatoa joto na mwingine unameza joto. Halafu niliacha Kiingereza, kwa kuwa mzaha haunogi kwa lugha ya mtihani, nikasema: "Vijana, nishati imekaa ndani ya kifungo cha kikemia kama maji yalivyokaa ndani ya dafu. Ukikivunja kifungo, inamwagika." Kisha panga, kisha maji mezani, kisha vicheko. Aliyekaa mbele alipewa kulinywa. Nimekutana na watu wazima, wengine wana wajukuu, wakaniambia kwamba katika kemia yote niliyowafundisha wanalikumbuka dafu tu. Walidhani wananisifu.

Sasa dafu lile ni uongo mtupu. Kifungo hakina nishati inayomwagika kinapovunjwa. Kukivunja ni gharama. Nishati hutoka pale atomu zinapofungamana upya. Moto wa kuni unatupa joto kwa sababu vifungo vipya, vile vya hewa ya ukaa na vya mvuke wa maji, vinapofungwa hutoa nishati nyingi kuliko ile iliyotumika kuvunja vya zamani. Tunachokiota mekoni ni baki ya hesabu hiyo.

Mwaka 1977 alikuwapo Kidato cha Tatu kijana mmoja kutoka kijiji cha pwani, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kuchoma chokaa. Hakuwa msemaji. Siku ya dafu, wenzake walipokuwa bado wanacheka, alisimama akasema:

"Mwalimu, samahani. Kama kuvunja kunatoa joto, mbona baba anamaliza magogo mengi sana kulivunja jiwe? Jiwe lenyewe halitoi joto. Joto linakuja baadaye, tukilimwagia maji."

Nilimjibu kwamba baba yake ni fundi, si mkemia, na kwamba akae. Darasa likacheka tena, safari hii likimcheka yeye. Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema.

Mwaka uliofuata, katika mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, niliweka swali la alama 6: eleza, kwa kutumia vifungo, kwa nini hidrojeni inapoungua katika oksijeni hutoa joto. Wanafunzi 36 waliandika dafu, kwa Kiingereza kizuri na kibaya, nikawapa sita, tano, nne. Huyu mmoja aliandika kwamba kwanza tunalipa nishati kuvitenganisha vilivyofungamana, kisha tunalipwa zaidi vinapofungamana vipya, na kwamba tofauti ndiyo joto. Nikampa sufuri. Kando yake niliandika kwa wino mwekundu: "Soma tena maelezo ya darasani."

Vijana wa leo pengine hawajui uzito wa sufuri ile. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, maendeleo ya mwanafunzi darasani yalianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Daftari la mwalimu halikuwa karatasi ya kufungia karanga. Kijana yule hakuchaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano. Siwezi kusema kwamba ni alama zile sita zilizomwangusha, na siwezi kusema kwamba sizo.

Kosa nililigundua mwenyewe, usiku mmoja wa mwaka 1981, nikiwa natayarisha mazoezi. Zoezi lilikuwa jepesi: hidrojeni na klorini kufanya gesi ya haidrojeni kloraidi. Jedwali lilisema kifungo cha hidrojeni na hidrojeni ni kilojuli 436 kwa moli, cha klorini na klorini 242, cha hidrojeni na klorini 431. Nikaandika kama nilivyoandika miaka yote: za kuvunja, 436 na 242, jumla 678, za kufunga, 431 mara mbili, 862, tofauti 184, zinatoka. Jibu sahihi. Nikapiga mstari chini yake. Halafu nikaitazama ile 678 kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiandika. Ilikuwa upande wa malipo. Kwa miaka minane nilikuwa nakokotoa sawasawa ubaoni, na dakika kumi baadaye nikisema kinyume chake mdomoni, na sikuwahi kuyakutanisha mawili hayo. Aliyeyakutanisha ni mtoto wa fundi chokaa, nami nikamwambia akae.

Nikataka kujua dafu langu nililitoa wapi. Sehemu yake nililipokea kwa mwalimu wangu. Sehemu nyingine ilitoka chumba cha pili, kwa wenzetu wa biolojia. Mwaka 1941 Fritz Lipmann aliandika juu ya vifungo vya fosfati "vyenye nishati nyingi" katika chembe hai, akaviwekea alama ya kiwimbi, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimesoma kwamba ATP inapovunjwa nishati inaruka nje. Lipmann alikuwa anahesabu mmenyuko mzima, pamoja na maji yanayoingia na vitu vinavyoundwa. Sisi tulichukua kiwimbi, tukaacha hesabu.

Lakini mzizi uko mbali zaidi, Paris. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitengeneza chombo cha matabaka. Katikati waliweka kitu cha kupimwa, kandokando barafu, na nje yake barafu nyingine ya kuzuia joto la chumba lisiingie. Joto lilipimwa kwa maji yaliyoyeyuka na kuchuruzika chini. Walipima makaa yanayoungua, na walimpima hata mnyama mdogo wa jamii ya panya akipumua, wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. (Hapa pwani tusingeweza kuiga, barafu yetu ilikuwa sokoni chini ya samaki.) Kazi ile ni ya kusifiwa hadi leo. Hata hivyo Lavoisier aliamini kwamba joto lenyewe ni kitu, aina ya majimaji yasiyo na uzito yanayojificha ndani ya vitu na kutoka. Mwaka 1789, katika orodha yake maarufu ya elementi, aliliweka joto humo kando ya oksijeni na hidrojeni. Basi dafu ni la Lavoisier. Mimi nililiongezea panga tu.

Wazo hilo halikufa upesi. Mwaka 1798 Rumford aliandika jinsi alivyowaonyesha watu wa München maji yakichemka bila moto, kwa msuguano wa kutoboa mizinga, na kadiri alivyoendelea kusugua ndivyo joto lilivyoendelea kutoka. Majimaji gani hayo yasiyokwisha? Mwaka 1840 tabibu wa meli, Mjerumani Robert Mayer, alifika Java, nchi ya jua kama yetu. Alipowatoa damu mabaharia aliona damu ya vena ni nyekundu kuliko alivyozoea kwao. Akawaza kwamba mahali penye joto mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili kujipasha, na kutoka hapo akafika, mwaka 1842, kwenye wazo kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo. Nawapenda sana vijana wa darasa lolote wakisikia kwamba jambo hili kubwa lilianzia kwa mtu aliyetoka baridini akashangaa jua.

Mwaka huo huo wa 1840, St. Petersburg, Germain Henri Hess alikuwa anachanganya tindikali ya salfa na amonia. Mara nyingine alianza na tindikali kali. Mara nyingine aliipunguza kwanza kwa maji, akapima joto la hatua hiyo, ndipo akaichanganya na amonia na kupima tena. Joto la hatua moja moja lilitofautiana, lakini alipojumlisha, jumla ilikuwa ile ile. Njia ndefu na njia fupi hufikisha hesabu pamoja. Hess alizaliwa Geneva, akakulia Urusi, akasomea udaktari na kufanya kazi hiyo Irkutsk kabla ya kurudi kwenye kemia. Na kitabu chake cha shule kwa Kirusi kilisomwa na wengi. Kwa hiyo alikuwa mwenzetu, mtu wa chaki.

Ikiwa mnadhani baada ya Hess mambo yalikaa sawa, la, hayakukaa. Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa walipima joto la mimenyuko kwa maelfu, kwa uangalifu ambao mimi sikuwahi kuufikia hata siku moja. Na wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wakashikilia kwamba mmenyuko unaojiendea wenyewe ni ule unaotoa joto. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye shamba la shule wakati wa Elimu ya Kujitegemea angeweza kuwauliza swali. Mnakumbuka ndoo ya mbolea ya urea? Tulipoikoroga kwenye maji ndoo ilipoa hadi ikatoa jasho nje. Hakuna aliyeilazimisha urea kuyeyuka. Iliyeyuka yenyewe huku ikinyang'anya maji joto. Ilibidi Gibbs wa Marekani katika miaka ya 1870, na Helmholtz mwaka 1882, waonyeshe kwamba joto peke yake haliamui. Kuna na kutawanyika kwa nishati na vitu. Siwataji Thomsen na Berthelot ili kujificha nyuma yao. Wao walikosea mbele ya wenzao waliokuwa na uwezo wa kuwajibu.

Narudi kwenye chokaa, kwa sababu baada ya 1981 ndiyo iliyochukua nafasi ya dafu.

Nilikwenda mwenyewe kijijini kwao, likizo ya mwaka huo, kulitazama tanuu. Magogo yamepangwa duara, juu yake mawe ya matumbawe yamerundikwa kama kichuguu, na moto unawashwa kutoka ndani. Usiku unakuwa mwekundu. Ndani ya moto ule, jiwe, ambalo ni kalisiamu kaboneti, linaachana na hewa ya ukaa. Kwa kila moli moja gharama yake ni kilojuli 178. Chukua kilo moja ya jiwe safi: inataka kilojuli 1,780, na hiyo ni mbali na joto linalopotea hewani, ambalo ndilo jingi. Linalobaki ni donge jeupe, jepesi, kavu, lenye kiu. Limwagie maji nalo litapasuka, litavuma, litatoa mvuke na kuunguza mkono wa mzembe. Hapo linatoa kilojuli 65 kwa moli. Donge lililotokana na ile kilo moja ya jiwe litatoa kama kilojuli 650, zinazotosha kwa hesabu kuchemsha lita mbili za maji.

Mwanafunzi makini atauliza: tumelipa 178, tumerudishiwa 65, zile 113 ziko wapi? Nilipenda kuliacha swali hilo hadi kipindi cha pili ili walale nalo. Jibu liko ukutani. Chokaa iliyozimwa, ikishapigwa lipu au kujengewa, inavuta polepole hewa ya ukaa na kuwa jiwe tena, na katika kufungamana huko inatoa kilojuli 113 kwa moli, kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, hata mkono hausikii. Jumlisheni 65 na 113. Njia ya Hess imezunguka ikarudi ilipoanzia: jiwe, moto, maji, hewa, jiwe. Mafundi waliojenga Husuni Kubwa pale Kilwa katika karne ya 14 waliupitisha mzunguko huo wote mikononi mwao.

Mkemia akisoma hapa atanikumbusha kwamba ndani ya jiwe kuna mvutano wa ayoni na si vifungo vya namna moja tu. Ni kweli, na Kidato cha Tano mtayafikia. Lakini kanuni haibadiliki: kutenganisha kunagharimu, kukutana kunalipa.

Hapo Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kifungo ni kile cha shati, na kifungo ni miaka ya jela. Nilizoea kuwauliza, "Nani amewahi kutoka kifungoni bila jasho?" Mzaha huo haukuwa mzuri kama dafu, na haukunyweka, ila haukuwa na uongo ndani yake.

Vifaa navyo tulivitengeneza. Kalorimita yetu ilikuwa kopo dogo la maziwa ndani ya kopo kubwa, katikati tumeshindilia sufi, na juu kifuniko cha mbao chenye tundu la kipimajoto. Tukimimina sentimita za ujazo 50 za tindikali na 50 za alikali, zote za moli moja kwa lita, nadharia inataka joto lipande karibu nyuzi 6.8. Sisi tulipata 5.5, tukipata 6 tulipiga makofi. Wa zamani mtakumbuka mlikariri kilokalori 13.7 kwa joto la kuzimuana tindikali kali na alikali kali; wadogo zenu wakaja kukariri kilojuli 57.3. Ni kitu kile kile, vipimo vilibadilika. Nasema hivi kwa sababu kwenye mkutano uliopita wahitimu wawili walikaribia kukosana kwa jambo hilo, kila mmoja akiapa kwamba mwalimu alimwambia yake.

Sasa lililobaki. Siku nilipokwenda kijijini kuona tanuu, kijana mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amesafiri na mashua kupeleka chokaa. Baba yake alinipokea vizuri, akanipa madafu, jambo ambalo sikulifurahia kama alivyotaka. Sikumweleza kilichonileta. Niliporudi shuleni niliandika barua, nikaituma kwa mkono wa mwalimu wa shule ya msingi ya pale. Nilieleza kwamba jibu lake la mtihani lilikuwa sahihi na langu lilikuwa kosa, na kwamba lile neno kuhusu baba yake halikuwa na msingi. Sikupata jibu. Nikajiambia barua imepotea. Niliendelea kujiambia hivyo hadi nilipostaafu mwaka 2004, na baada ya hapo.

Katika mkutano wetu uliopita alikuja. Ndevu nyeupe, kanzu, anamshika mjukuu mkono. Tanuu, aliniambia, karibu limekufa. Watu wanatumia saruji, na mikoko haikatwi tena ovyo. Alinitolea shikamoo kama zamani, tukakaa chini ya ule mwembe wa bwalo. Nilipoanza kujikongoja na maelezo yangu alinizuia.

"Barua yako niliipata, Mwalimu. Nilimsomea na mzee, akacheka sana. Sikujua tu nijibu nini."

Tukanyamaza kidogo. Mjukuu alikuwa anarusha mawe mwembeni. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote:

"Na wale wengine? Uliwaandikia?"

Sikuwa nimewaandikia. Katika miaka yote hiyo niliona nina deni kwa mtu mmoja niliyemnyima alama, na sikuwahi kuwafikiria wale 36 niliowapa. Wengine wenu mmekuwa walimu. Mmoja, najua, alifundisha kemia bara miaka ishirini, na sithubutu kufikiri ni madafu mangapi yamepasuliwa huko.

Basi ndugu zangu wa darasa la 1978, na ninyi wa miaka yote kuanzia 1973 hadi 1981, barua yenu ndiyo hii. Mwenye daftari la zamani na alifungue penye mada ya nishati, akate sentensi ile ya dafu kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: kuvunja kifungo humeza nishati, kufunga hutoa. Alama mlizopewa siwezi kuwanyang'anya. Daftari langu la alama la mwaka 1978 nimelikabidhi kwa maktaba ya shule. Sufuri haikufutwa. Nimeandika 6 pembeni yake, kwa wino wa bluu, na tarehe ya siku niliyoiandika.